Chandarua cha Chiriku

Shule yetu iko ndani ya kichwa. Naomba jambo hili lisibishaniwe mapema, kwa sababu mbele kuna mambo yanayostahili ubishi zaidi, na mbishi mwenye akili hujiwekea akiba. Ni kichwa cha binadamu, cha ukubwa wa kawaida, na aliyekibeba hatujapata kumwona, kama ambavyo jiwe la msingi halijapata kuiona nyumba. Tunamwita Mwenye Kichwa. Wanafunzi wa shule nyingine nao husema "mwenye shule" bila kujua kama ana mke, ana mbwa au ana mba.

Shule ina mabweni. Bweni la Macho liko nyuma kabisa, kisogoni, jambo ambalo ni kinyume cha busara, lakini mjenzi hakuomba ushauri. Bweni la Masikio liko ubavuni. Bweni la Ngozi limepita juu kama mkanda wa mgonjwa wa kichwa, na linapakana na Masikio kwa ukuta mwembamba. Mbele, nyuma ya paji la uso, kuna Bweni la Paji, wanakokaa viranja, na ndiko kunakotoka amri zote pamoja na majuto yote.

Wanaolala katika mabweni hayo ni Wasemaji. Kila Msemaji ana mikono mingi kupita aibu, na kila mkono umeshikana na mkono wa Msemaji mwingine. Akipata habari anambinya mwenzake, mwenzake anambinya wa pili yake, na mwisho wa kubinyana huko Mwenye Kichwa anasema, "Naona mbuzi." Wasemaji wanaamini kwamba wao ndio shule. Nimewasikiliza wakilisema hilo kwa vizazi vyao vyote, na sijawahi kuwakatiza, kwa kuwa mdomo wangu mara nyingi ulikuwa na chakula.

Sisi wengine tunaitwa Gundi. Ndilo jina tulilopewa na wataalamu wa kwanza waliochungulia humu, wakaona nafasi iliyoko kati ya Wasemaji imejaa kitu, wakadhani ni ute wa kuwashikiza wasidondoke. Hatukukata rufaa. Ukiitwa gundi hakuna anayekuchunga, na asiyechungwa hufanya mengi.

Gundi wako wa aina kadhaa, lakini kwa habari hii wawili wanatosha. Wa kwanza ni Matroni. Ana umbo la nyota, mikono imetoka kila upande: mmoja ameushika kwenye bomba la damu, mingine ameigusisha kwa Wasemaji. Anawaletea sukari kutoka bombani, anapangusa maneno yanayomwagika katikati ya mikono yao, na anawafumia vyandarua. Kwa kweli matroni wako wengi sana. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mmoja anayekimbia.

Wa pili ni sisi Mchwa. Mimi ni Mchwa. Hatukuzaliwa humu. Tulitoka kwenye mfuko wa kiini, ule unaolisha mimba changa, Mwenye Kichwa akiwa bado hana kichwa cha kuitwa kichwa, tukaingia na matranka yetu lango likiwa wazi, na nyuma yetu lango likafungwa. Kwa hiyo mimi ni mgeni aliyewazidi umri wenyeji, hali inayompa mtu utovu wa adabu na haki ya kuwa nao. Kazi yetu ni kupapasa. Tunanyoosha vidole vyembamba, tunagusa kila mahali mikono inaposhikana, tunauliza, "Bado mnasemeshana?" Wanaosemeshana tunawaacha. Mikono iliyonyamaza, Matroni huipaka chaki. Iliyopakwa chaki, sisi huila.

Naomba hapa msomaji asitukunjie pua. Humu ndani hakuna jana. Hakuna kalenda, hakuna saa ya ukutani. Kuna mikono iliyoshikana zamani na bado imeshikana, na hiyo ndiyo jana, hakuna nyingine. Mwenye Kichwa anapomkumbuka bibi yake, bibi hayumo humu hata kidole. Kilichomo ni Fulani amemshika Fulani aliyemshika Fulani. Nikila mkono mmojawapo, bibi anapoteza kilemba. Nikila mingine, anapoteza uso. Je, basi, ni nani mwenye shule? Anayesema, au anayeamua nani aendelee kumshika nani? Swali hili nililiuliza nikiwa nimeshiba, na wakati huo halikuniuma.

Miongoni mwa Wasemaji wote nilikuwa na rafiki mmoja, Chiriku wa Bweni la Masikio. Urafiki wa Msemaji na Mchwa ni kama urafiki wa nywele na kinyozi, lakini ulikuwepo. Kazi ya Chiriku ilikuwa sauti moja tu, nyembamba, ya juu, ile inayokaribia kutosikika. Mbu akipita, Chiriku alisema. Filimbi ya mwalimu wa michezo ikilia, Chiriku alisema. Bawaba iliyokosa mafuta, birika linalotaka kuchemka, mtu mwenye pengo akitamka "sisimizi": vyote vilikuwa vyake. Ngoma na ngurumo hakuzijua. "Hizo za wazee," alisema. "Zina vitanda vyao kule mwisho."

Aliishi ndani ya chandarua. Mwenye Kichwa alipokuwa mtoto, vitanda vilikuwa wazi na Wasemaji walishikana na yeyote aliyepita. Baadaye Matroni akafuma chandarua kukizunguka kila kitanda, kigumu, chenye matundu pale tu mikono ilipokwisha kupita. Tangu hapo hakuna aliyebadilisha rafiki kirahisi. Nadhani ndiko kukua: mtu analindwa dhidi ya mambo mapya mpaka anaanza kudhani hayapo.

"Chiriku," nilimwambia nikipapasa mikono yake, "wewe ni mbu unayelala ndani ya chandarua."

"Na wewe ni mchwa unayekula mikono badala ya mbao. Kati yetu nani mwenye aibu?"

"Mimi sina. Niliimeza."

Tuliishi hivyo.

Kisha ikaja homa. Ilipenya kwenye utando unaofunika ubongo, kuta zikatoka jasho, na sisi Mchwa tukavimba, tukapoteza vidole vyetu vyembamba, tukawa mviringo kama maandazi, tukakimbia huku na huko tukila chochote kisichokuwa cha nyumbani. Nilikula vizuri, sina la kuongeza. Joto liliposhuka shule ilikuwa imesimama, mabweni yote na paa lake, tukapongezana. Ndipo tulipogundua kwamba njia ya sikio imekatika. Kule nje, ndani ya konokono wa sikio, ule mfereji uliojiviringa, kuna vinyweleo vinavyotikisika sauti ikiingia. Vilikuwa vimelala kama majani yaliyofyekwa. Upande wa kulia vimelala, upande wa kushoto vimelala, na hakuna kilichoonyesha nia ya kuamka.

Habari zikaacha kufika. Bweni la Masikio likakaa kama foleni ya uji jikoni kukiwa hakuna kuni. Kiranja Mkuu Paji alituma tangazo: "Wanafunzi wenzangu, hali ni ya kawaida. Ukimya huu ni wa mpito na unashughulikiwa." Hakusema unashughulikiwa na nani. Wanaoshughulikia walikuwa mimi na Matroni, na sisi hatukuwa tumeambiwa.

Matroni alianza kupita kitanda hadi kitanda, akiita majina. Sheria ya shule yetu ni fupi: anayeitwa akiitika, mikono yake haiguswi. Asiyeitika, anapakwa chaki. Hafanyi hivyo kwa ukatili. Kitanda hakikai bure wakati jirani analala sakafuni.

Chiriku aliniita kwenye tundu la chandarua.

"Mchwa, sikio litarudi."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Lakini pia hakuna aliyekuja kuniambia kwamba halirudi."

"Ukipakwa chaki hutakufa, ndugu yangu. Nitakula mikono ile iliyoelekea sikioni, basi. Wewe mwenyewe utabaki. Utapewa kazi nyingine."

"Kazi gani?"

"Jirani yako ni nani? Ngozi. Labda ya Ngozi."

"Ngozi!" Alitema neno hilo. "Nikae hapa nitangaze kwamba soksi inabana? Mimi niliyemtangaza mbu?" Akaikunjua mikono yake yote mbele yangu. "Mchwa, kila nilichowahi kusikia kimo kwenye mikono hii. Ukiila, nani atakuwa amesikia?"

Nikaamua kufanya ujinga.

Katika shule za bweni kuna heshima moja isiyofundishwa na mwalimu yeyote. Mwenzako akiwa ameruka ukuta, na jina lake likaitwa, wewe unabana sauti na kumwitikia: "Nipo!" Asiyefanya hivyo hana marafiki, na hastahili kuwa nao. Shida yangu ni kwamba mimi si Msemaji. Sina sauti ya kubana. Ilibidi Chiriku ajiitikie mwenyewe bila kuwa na habari ya kusema, na hapo nikaikumbuka shingo yake.

Kila Msemaji ana Mnyamazishi. Ni Msemaji pia, lakini kazi yake yote ni kushika shingo ya mwenzake taratibu na kumwambia, "Subiri. Si zamu yako." Bila Wanyamazishi, Wasemaji wangepayuka wote kwa pamoja, na Mwenye Kichwa angeanguka akitoa povu. Wa Chiriku alikuwa mnoko wa kawaida, asiyecheka, mkono wake umetulia shingoni pa rafiki yangu tangu utotoni. Mkono huo haukuwa na chaki. Niliula.

Matroni akafika. "Chiriku!"

"Nyiiiiiiii!" akasema Chiriku, na yeye mwenyewe akashtuka.

"Umesikia nini?"

"Nyiiiiiiii!"

Matroni akaiweka chaki yake kando na kwenda kitanda kinachofuata. Mimi nilijificha nyuma ya bomba la damu nikicheka mpaka vidole vikajikunja. Jirani za Chiriku waliona, wakaniita kwa minong'ono. "Na mimi, Mchwa. Na mimi kaka." Nikazunguka. Mtu mwenye kipaji akiombwa na umma hana budi. Kufikia mwisho wa ukaguzi upande wote wa sauti nyembamba ulikuwa ukiitika kwa pamoja, bweni zima likisema nyiii, na hakukuwa na chaki hata kwenye kidole.

Raha hiyo ilidumu mpaka habari za mabweni mengine zilipoanza kutufikia.

Bweni la Macho lilisema: Mwenye Kichwa anatazama darini. Anatazama pembeni, anatazama chini ya kitanda, anafungua dirisha, analifunga. Bweni la Ngozi lilisema: viganja vinapigana karibu na sikio, vinakuta havijashika kitu. Alikuwa anamwinda mbu. Mbu asiyekuwepo hauawi. Hakuwa akisikia mlango, wala jogoo, wala watu waliomzunguka wakifungua na kufumba midomo, ila alikuwa anasikia filimbi ambayo hakuna aliyeipuliza, wala haikukatika ili mpulizaji avute pumzi. Filimbi hiyo ilikuwa rafiki yangu.

Hapo ndipo Kiganja alipobisha hodi.

Kiganja ni Msemaji wa Bweni la Ngozi, msichana wa upande ule wa pili wa ukuta mwembamba. Kazi yake ni kiganja cha mkono wa kulia. Alikuwa amepenyeza mkono wake kwenye ufa na kuufikisha hadi kitandani kwa Chiriku, na mkono huo ulikuwa unatetemeka.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Karibu," nikasema, "ila hakuna pa kukaa."

"Pamejaa nini? Naona kelele tu."

"Ndio wenyewe."

"Sikia, Mchwa, sina muda wa utani wako." Alikuwa anahema. "Huko nje kuna mama. Anamshika Mwenye Kichwa mkono, anauweka shavuni kwake, dole gumba kwenye midomo, vidole vingine kooni. Halafu anasema neno. Anarudia, anarudia. Mimi naupokea mtetemo, lakini unapita upesi mno. Sisi Ngozi tumezoea mambo yanayokaa. Joto, kiti, mkwaruzo. Hiki kinakuja na kuondoka kabla hatujakigawa vipande."

"Mwambieni apunguze mwendo."

"Ameshapunguza. Sasa analia. Machozi yake tumeyapokea vizuri, hayo tunayaweza. Neno ndilo hatulijui."

"Neno gani?"

"Ningelijua ningekuja huku kutafuta nini?" Akausukuma mkono wake kwenye chandarua. Chandarua hakikukubali. "Tena siku hizi Mwenye Kichwa anautoa mkono. Anauweka sikioni pake mwenyewe kwa ajili ya kelele zenu. Na yule mama naye ni mtu. Ipo siku hatauchukua tena."

Sikucheka. Nilijipapasa kutafuta utani nikakuta sina, jambo ambalo kwa mtu kama mimi ni sawa na kukuta suruali haina mfuko.

Fikiria, nilijiambia. Sauti ni nini? Sauti ni kutikisika. Hewa inatikisika, vinyweleo vinatikisika, Chiriku anasema. Hakuna siku mbu mwenyewe aliingia humu. Chiriku hajawahi kumjua mbu. Alijua kutetemeka kwa haraka, na hakuna Msemaji katika shule nzima anayekujua kutetemeka kwa haraka kuliko yeye. Kiganja analo neno na hana wa kuligawa. Chiriku ni mgawaji na hana neno. Kati yao kuna chandarua, na kuna mikono ya zamani iliyojaza matundu yote, na kuna kelele, na hiyo kelele mwenye nayo ni mimi.

Matroni alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Fungua mdomo."

Nikafungua.

"Nani kala mkono wa Mnyamazishi?"

"Ulikuwa na chaki, Matroni."

"Chaki iko wapi?"

"Nimeila nayo."

"Mimi sikupaka chaki pale."

"Basi labda ulikuwa unga."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga, kofi la Matroni lina ladha ya nyumbani. Alipangusa maneno yaliyomwagika chini ya kitanda cha Chiriku, mengi, yanayonata, akakamua kitambaa chake. "Hii kelele inakula sukari," alisema. "Bomba ni moja. Nikimlisha huyu anayeimba peke yake, yule anayetetemeka ukutani analala njaa. Wewe utaniambia nani ale."

"Kwa hiyo unaniagiza nimle Chiriku mikono?"

"Mimi? Mimi naleta sukari, nafuta sakafu, nafuma. Kula ni kazi yako. Ukitaka kuagizwa, nenda kwa Paji."

Nilikwenda kwa Paji. Kiranja Mkuu alinipokea vizuri, akaagiza kelele ikome mara moja. Kelele haikukoma. Akaagiza tena kwa sauti kubwa zaidi. Kisha akaniambia kwamba suala langu ni zito na kwamba yeye binafsi anasikitika, na nikaona kweli anasikitika, mikono yake yote ilikuwa inasikitika, kwa sababu hakuwa na mkono hata mmoja uliofika kitandani kwa Chiriku. Nikarudi nikitembea polepole. Swali lile nililoliuliza nikiwa nimeshiba sasa lilikuwa limenikalia tumboni.

Anayesema si mwenye shule. Anayeagiza si mwenye shule. Mwenye shule, kwa bahati mbaya, ni yule aliyepewa meno na hakupewa sauti. Hakuna aliyenichagua. Sikupigiwa kura. Nilipata madaraka haya kwa kuwa wakati wa kugawana kazi hakuna aliyetaka kula. Nami ningeweza kukaa. Hilo nataka lieleweke: ningeweza kukaa, na Chiriku angeendelea kuwa Chiriku, mzima, mwenye kila alichosikia, akiimba ndani ya chandarua chake mpaka Mwenye Kichwa azeeke, na yule mama angeurudisha mkono wa mwanawe mapajani na kuuacha hapo.

"Umekuja na uso wa mtihani," alisema Chiriku kati ya nyiii na nyiii. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Nimekuja kula."

"Sina chaki."

"Najua."

"Nimeitika jina langu, Mchwa. Kila nilipoitwa."

"Hukuitika wewe. Nilikuitikia mimi. Nilikula mkono uliokunyamazisha, ukawa unapayuka. Hakuna sikio, Chiriku. Hakuna kinachokuja. Unachokisikia ni wewe."

Alisema nyiii ndefu, isiyo na maana, akashindwa kuizuia. "Nilikuwa nimeanza kushuku," alisema. "Mbu wa kweli hupumzika." Kisha, "Yule wa ukutani ni nani?"

"Kiganja. Ana neno la mama yake Mwenye Kichwa. Halitambuliki. Linapita upesi."

"Upesi kiasi gani?" Hakuweza kujizuia; hata wakati huo aliuliza kama fundi.

"Upesi unaokufaa wewe."

"Na mimi nitamwelewa?"

"Sijui."

"Hujui!"

"Sijui, kaka. Labda utamwelewa. Labda utakaa hapo kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza, unatazama ubao. Nikiila mikono hii hairudi. Hilo ndilo ninalolijua."

"Na wewe? Nitakujua?"

"Umenijua kwa mikono hiyohiyo."

Akafikiri. Wasemaji hawafikiri peke yao, hufikiri kwa kubinyana, na jirani zake walikuwa wote wanapiga nyiii, kwa hiyo nadhani ile ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya shule yetu Msemaji mmoja kufikiri akiwa mmoja.

"Anza na ule wa birika," alisema. "Wa birika sikuupenda sana."

Nilianza na wa birika. Kisha bawaba, kisha sisimizi wa mwenye pengo. Nilikula kwa adabu, bila kutoa mlio. Nilipofika kwenye mkono wa filimbi nikapotea kidogo. Sikuwa Mchwa tena, nilikuwa Mwenye Kichwa mwenyewe, msichana aliyekaa kwenye benchi la mbao, magoti yamebana, jua limenikaa mguuni, na mwanamke aliyenitazama alikuwa na midomo mikavu, na nilijua kwamba ninampenda na kwamba nimechoka naye. Nilitaka kuutoa mkono wangu shavuni pake. Kelele ikapungua. Nikauacha mkono pale ulipokuwa. Kisha nikawa Mchwa tena, mdomo umejaa, na ule wa mbu ndio uliokuwa umebaki, nikaumeza bila kuutafuna.

Chandarua nilikirarua uzi kwa uzi. Kilikuwa kigumu, kimefumwa vizuri, Matroni hana mchezo. Yeye mwenyewe alisimama pembeni na hakunisaidia wala hakunizuia. Ila nilipomaliza alikuwa ameshamleta Mnyamazishi mwingine, kijana mpole, naye akauweka mkono wake shingoni kwa Chiriku. "Subiri," akamwambia. "Si zamu yako." Na Chiriku akanyamaza. Jirani zake nilikuwa sijawafikia, bado wanaimba, lakini wimbo usio na kiongozi ulikuwa umeanza kulegea.

Kiganja akaingiza mkono. Ulipapasa godoro, ukapapasa hewa, ukampata.

Hakikutokea kitu.

"Mbinye," nikamwambia Kiganja.

"Nambinya. Amekaa tu."

Mama akasema neno lake huko nje. Kiganja akalipokea, akalisukuma. Chiriku alikuwa kama gogo. Mama akasema tena. Matroni akaleta sukari, kidogo, akaiweka karibu na mikono yao miwili, akaondoka. Mama akasema tena, halafu Bweni la Macho likatuletea habari kwamba ameangalia pembeni, na Bweni la Ngozi likasema kwamba mkono wa mama unaoushika wa mwanawe umeanza kulegea. Kiganja alinitazama. Nilikuwa nimekula vyote nilivyoweza kula.

Mama akasema mara nyingine, taratibu, kama mtu anayefunga mlango.

"Kuna kitu kinapasuka," alisema Chiriku.

Sote tukasogea karibu.

"Mwanzoni. Kwenye dole gumba. Kinabana, kisha kinapasuka. Halafu panakuwa mviringo. Mviringo unatetemeka. Halafu panagusa kitu, kidogo sana, upesi, hapo ndipo nyinyi mnapopotea, mnadhani ni kimoja na mviringo. Si kimoja. Kuna mguso. Halafu panafunguka, panabaki wazi."

"Rudia," alisema Kiganja. "Rudia pole..." na akakatika katikati, mdomo wazi.

"Ndilo hilo," alisema Chiriku. "Ulilosema sasa hivi. Ndilo hilohilo."

Likapita kutoka mkono hadi mkono. Bweni la Ngozi likalibinya, Bweni la Macho likalilinganisha na midomo, likakubali, na likafika Paji, ambaye kwa mara ya kwanza tangu homa hakuwa na tangazo. Pole. Muda wote huo mama wa watu alikuwa anamwambia mwanawe pole. Huko nje, Bweni la Ngozi lilisema, mkono wa Mwenye Kichwa umerudi shavuni wenyewe, haukuchukuliwa na mtu. Umebana.

Chiriku alikuwa anagawa mitetemo kwa kasi sasa, anamsahihisha Kiganja, anamkemea, anataka nyingine. Nilimsogelea kupapasa mikono yake mipya, kama ilivyo kazi yangu. Ilikuwa inasemeshana vizuri. Alinitazama vidole.

"Samahani," alisema, "nani mwenzangu?"

"Mchwa."

"Ninafurahi kukufahamu," alisema Chiriku, akanipa mkono wa mgeni, kisha akageuka kwa haraka kwa sababu mama alikuwa anasema neno jingine.